Matundu Mawili ya Mkanda

Tangu Gentille aanguke, Adolphine hakuwa na pa kutulia. Chumba alikuwa nacho, ghorofa ya pili ya bweni la chuo pale Louisville, na upande wa pili kitanda cha Gentille, mwenzake wa chumba, kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa. Lakini akikaa kwenye kiti, kiti kilimchoma. Akienda maktaba alifungua kitabu cha magonjwa ya kwato, akasoma mstari mmoja mara tano, akakifunga. Alishuka bandani akafagia mahali palipokwisha kufagiwa, akawachana farasi singa mpaka wakamchoka na kumgeuzia makalio.

Alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya farasi. Warundi wenzake kanisani kwao Columbus, Ohio, walipoisikia kwa mara ya kwanza walidhani anawatania. Ikabidi awaeleze kwamba ni masomo kama masomo mengine: mifupa na misuli ya mnyama, malisho yake, uzazi wake, uendeshaji wa shamba, na kila asubuhi saa mbili za kupanda. Yeye mwenyewe alizaliwa kambini Mtabila, Kigoma, akafika Ohio ana miaka minane bila kuwahi kumwona farasi. Alipokuwa na kumi na mbili shule iliwapeleka kutembelea shamba, na farasi mmoja mzee akamvua kofia yake ya sufu kwa meno, akaitafuna taratibu huku akimtazama. Watoto wengine walikimbia. Adolphine alibaki pale pale anacheka, na tangu siku hiyo hakutaka kusomea kitu kingine.

Gentille naye alikuwa binti wa Wakongo wa Bukavu, amekulia Buffalo. Katika darasa zima wao wawili tu ndio waliojua Kiswahili, kwa hiyo walishikana tangu wiki ya kwanza. Gentille alimwambia mwenzake anaongea kama redio. Adolphine alimjibu kwamba Kiswahili cha Bukavu kimeziacha ngeli zilale. Walicheka hivyo miaka miwili na ushee.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mwanzoni mwa Novemba. Gentille alikuwa amemtandika Duchess, farasi jike wa kahawia, akaufunga mkanda wa tumboni unaoshikilia tandiko, akamkabidhi Adolphine hatamu ili yeye akachukue kofia ngumu aliyoisahau. Duchess hakuwa ametulia; alikuwa akitupa kichwa na kujaribu kuuma. Adolphine akaona mkanda umembana, akaulegeza matundu mawili apumue kidogo. Nia yake ilikuwa kuukaza tena baada ya dakika moja. Simu ikaita mfukoni, mama yake akiulizia sikukuu, na alipoikata, Gentille alikuwa tayari amefika mbio, amechelewa.

"Iko sawa?" Gentille aliuliza, mguu mmoja umeshaingia kwenye kikuku cha tandiko.

"Sawa," Adolphine alijibu.

Kwenye kona ya tatu ya uwanja tandiko lilizunguka likaenda kuning'inia tumboni. Gentille aliangukia bega, na mfupa wa mtulinga ukavunjika mara mbili. Adolphine alipanda naye gari la wagonjwa, akamshika mkono njia nzima.

Kesho yake Bi Hollis, mwalimu wao wa upandaji, alimwita ofisini. Aliuliza swali moja tu: je, aliona jambo lolote kabla ya mwenzake kupanda? Adolphine alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Hapana, sikuona." Bi Hollis akaandika. Sheria ya banda ni kwamba mpandaji hukagua mkanda wake mwenyewe kabla ya kupanda, na Gentille hakuukagua. Akaondolewa kwenye orodha ya wapandaji mpaka arudie somo la usalama, na barua ikamfuata nyumbani Buffalo, alikokwenda kuuguzwa.

Kilichomtesa Adolphine zaidi ni jumbe za sauti. Gentille alizituma kila siku, kwa sauti ya mtu aliye kitandani, akichanganya na Kifaransa cha kwao. "Adolphine, bon, unisaidie kukumbuka. Mi nilifunga mukanda mu tundu ya ine. Ninaona mikono yangu inafunga. Donc nimeota? Kichwa yangu iko na shida?" Adolphine alisikiliza, akaandika jibu, akafuta, akatuma tena pole na picha za maua.

*

Likizo ya Novemba alipanda basi kwenda Columbus. Safari ni saa chache tu, lakini alibadilisha kiti mara tatu. Baba yake, Jovini, alimpokea kituoni akiwa bado na kitambulisho cha ghala shingoni, wakaenda Reynoldsburg, kwenye ghorofa yao inayotazamana na duka la matairi.

Nyumbani palikuwa na joto na harufu ya maharage. Mama yake, Angelika, alimtazama kwa siku mbili. Aliona mwanawe anaosha sahani zilizokauka kabatini. Aliona anatoka kwenda kutembea kwenye maegesho, anarudi baada ya dakika kumi, anavaa tena koti.

"Wewe unaumwa?" hatimaye alimuuliza.

"Siumwi, mama."

"Basi kaa chini ule. Umekuwa kama mtu anayesubiri kuitwa."

Siku ya tatu asubuhi Adolphine alimfuata baba yake mezani. Jovini alikuwa anakunywa chai, viatu vya kazini vikiwa mlangoni.

"Baba, nataka kwenda Buffalo kumwona Gentille."

"Yule aliyevunjika?" Jovini aliweka kikombe. "Sasa kwa nini husemi? Leo sina zamu. Tutaenda mimi na wewe. Wazazi wake wanapaswa kutuona."

Hilo hakulitegemea. Alitaka kwenda peke yake, aseme peke yake, aaibike peke yake. Lakini baba yake alikuwa ameshasimama anamwagiza Angelika atoe dagaa na unga wa muhogo, kwa sababu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Akasema kwa furaha kwamba ni jambo jema mtoto kumkumbuka rafiki. Adolphine alimsaidia kubeba mfuko wa unga mpaka kwenye gari.

Walipita Cleveland, wakapita Erie, ziwa likiwa upande wa kushoto, la kijivu. Jovini alipenda kuzungumza akiendesha. Aliulizia farasi hula nini, hulala vipi, kama ni kweli hulala wamesimama. Adolphine alijibu nusu nusu, akishusha kioo na kukipandisha. Walipokaribia Buffalo theluji ilianza kuanguka, nyepesi, na alijiwa na wazo la kumwomba baba ageuze gari. Aliligeuza wazo hilo kichwani kutoka njia moja ya kutokea barabara kuu hadi nyingine, mpaka njia za kutokea zikaisha.

*

Familia ya Gentille ilikaa mtaa wa Lower West Side, nyumba ya mbao yenye ngazi za mbele zilizopakwa rangi ya kijani. Baba mwenye nyumba, Bagula, alikuwa kiwandani. Mama, Nzigire, ndiye aliyefungua. Alimkumbatia Adolphine kabla hata hajavua viatu.

"Ni weye uliyemushika mwana wangu mukono mu gari ya wagonjwa," alisema. "Kila siku ninakuombea. Mungu akuongezee."

Gentille alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa kifuani, amekonda. Aliona rafiki yake na uso ukamwangaza. Nzigire akaleta chai na maandazi, akaanza kumsimulia Jovini jinsi binti zao walivyo kama mapacha. Jovini akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Adolphine alirudisha kikombe mezani kabla hajanywa.

"Mama Gentille," alisema, "samahani. Naomba niseme kitu, na nikisema sitakuwa na uso wa kunywa chai yako."

Wote wakamtazama.

"Ulifunga mkanda," alimwambia Gentille. "Tundu la nne. Kichwa chako hakina shida. Ulipokwenda kuchukua kofia mimi niliulegeza, Duchess alikuwa anahangaika. Nikasahau kuukaza. Ukaniuliza kama iko sawa, nikasema sawa. Na mwalimu aliponiuliza nilimwambia sikuona kitu."

Katika chumba cha pili televisheni ya watoto iliendelea kuimba kwa Kiingereza. Gentille alikaa wima polepole, akiuma midomo kwa maumivu.

"Donc ulijua," alisema. "Wiki tatu yote. Ninakuuliza kila siku, ninalia ku simu, na weye ulijua."

"Nilijua."

"Kusahau, ninaweza kuelewa. Mutu anasahau. Lakini uliniacha nione kama mi ni mujinga. Juu ya nini?"

"Niliogopa watanifukuza."

Nzigire alikuwa ameweka mkono mdomoni. Jovini alisimama, mtu mrefu, akavua kofia ambayo ilikuwa imebaki kichwani. Hakumtazama binti yake.

"Mama," alimwambia Nzigire, "nimekuja hapa kujisifia mtoto wangu. Sikujua nililolileta ni hili. Naomba mtusamehe, na kama hamuwezi leo, hatutawalaumu." Akakaa.

Gentille alichukua simu mezani kwa mkono wake mzima, akamsogezea Adolphine. "Umupigie mwalimu. Sasa. Mi nasikiliza."

Ilikuwa wiki ya mapumziko, lakini Bi Hollis alipokea. Adolphine alieleza yote kwa Kiingereza, kuanzia matundu mawili hadi ile hapana ya ofisini. Mara moja tu alinyamaza, na Gentille akamwonyesha kwa kidole aendelee. Bi Hollis alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema kwamba barua ya Gentille itafutwa Jumatatu, na kwamba Adolphine afike ofisini siku hiyo hiyo saa mbili.

Baada ya hapo hakuna aliyejua la kufanya. Nzigire alipokea unga na dagaa kwa sababu kukataa kungekuwa kuanzisha ugomvi mwingine. Mlangoni hakumkumbatia tena Adolphine, ila alimfunga vizuri skafu shingoni, kama anayemaliza kazi aliyokwisha kuianza.

Jovini aliendesha moja kwa moja mpaka Erie. Hapo alisimama kituo cha mafuta, akakaa ameshika usukani.

"Kambini," alisema, "kuna watu walituandikia uongo kwenye karatasi zetu za safari. Miaka minne tulichelewa kuondoka kwa ajili ya mstari mmoja. Unajua hadithi hiyo."

"Naijua, baba."

"Basi." Akateremka kujaza mafuta.

*

Chuo hakikumfukuza. Kilimzuia kupanda muhula mzima wa masika, na kila asubuhi wenzake walipokuwa uwanjani yeye alisafisha mabanda kumi na sita. Nafasi yake katika timu ya mashindano ikaenda kwa mwingine, na shahada ikasogea mbele nusu mwaka. Gentille alirudi Januari, akaomba chumba kingine. Darasani alikaa meza ya mbele, Adolphine meza ya nyuma. Walipangwa pamoja mara moja, kukagua kwato za farasi aliyekuwa akichechemea, wakaulizana na kujibizana kuhusu kwato, basi.

Katikati ya Aprili Gentille alimkuta bandani, koleo mkononi.

"Kesho daktari ananiruhusu kupanda," alisema. "Ninaogopa. Kila mutu ananiambia utaweza, utaweza. Weye hautaniambia hivyo."

"Sitakuambia."

"Kuja usimame ku uzio. Chumba moja, siko tayari kurudi. Sijui kama nitarudi. Lakini kuja."

Adolphine alifika kabla ya jua kupanda juu ya paa la banda. Gentille alimpanda farasi mwingine, mpole, akaanza kwa mwendo wa kutembea, mgongo umekakamaa kama ubao. Hakumtazama mtu. Mzunguko wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, na kwenye wa tatu akamwamuru farasi aende mbio ndogo. Adolphine alikuwa ameambiwa asimame, lakini hakutulia. Alitembea kando ya uzio sambamba nao, kutoka kona hadi kona, akigeuka walipogeuka, mikono ndani ya mifuko, mpaka Gentille alipovuta hatamu na kupumua.

"Kesho tena," Gentille alisema kutoka juu, akimpapasa farasi shingo.

"Saa ngapi?"

"Kama leo." Akageuza farasi kwenda kuendelea.