Shemeji wa Chumba cha Baridi

Asubuhi ya kwanza ya kongamano la wanablogu wa mapishi na safari, Mama Pacha alivua viatu, akapanda juu ya kiti katika ukumbi wa chakula wa hoteli, akainamia sahani ya mayai, simu ikiwa mikononi. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa upande wa pili wa meza, ameshika kadibodi nyeupe ili mwanga wa dirishani urudi kwenye kiini cha yai. Karibu kila meza ilikuwa na mtu aliyesimama kitini na mwingine aliyemshikia kitu. Wahudumu walipita katikati na birika za chai, wakikwepa miguu.

"Inua kidogo," alisema Mama Pacha. "Tena kidogo. Hapo hapo. Usipumue."

Baba Pacha hakupumua. Alikuwa fundi cherehani, mtu aliyezoea kukaa na sindano mdomoni bila kusema neno, na kazi hii ya kadibodi aliijua vizuri. Tangu pacha wao waanze shule na mkewe aanze kublogu, chakula cha nyumbani kwao kilipigwa picha kwanza, kikaliwa baadaye. Safarini ilikuwa vivyo hivyo. Mvuke ulipohitajika, yeye ndiye aliyechovya pamba kwenye maji yanayochemka na kuificha nyuma ya bakuli. Pamba ilifuka vizuri sana pichani, na supu yenyewe ilikuwa imeshatulia kama maji ya dimbwi.

Katika miaka hiyo Baba Pacha alipoa.

Ilianzia vidoleni. Wateja waliokuja kupimwa suti walishtuka kidogo alipowagusa shingoni, wakacheka, wakasema fundi ametoka kunawa. Kisha ikapanda mikononi, ikafika kifuani, ikatulia. Daktari alimpima, akabadilisha kipimajoto, akampima tena, akamwambia arudi kama itamsumbua. Haikumsumbua sana. Wakati wa joto pacha waligombania kulala ubavuni kwake, na wakati wa baridi walimsalimia wakiwa mlangoni. Mama Pacha alimnunulia sweta nene la buluu. Kila asubuhi alimfunga skafu kwa mikono yake mwenyewe na kumpapasa shavu, halafu akaenda kuipasha mikono hiyo kwenye sufuria ya chai. Kumpenda alimpenda, hata majirani walilijua hilo.

"Tayari," alisema sasa akishuka kwenye kiti. "Kula, mume wangu. Pole kwa kungoja."

Baba Pacha akala. Siagi ilikuwa imeganda pembeni mwa sahani.

Watu wa kongamano walimpenda upesi. Beji yake iliandikwa "Mwenza", lakini wote, kuanzia wanaoandika kuhusu kupanda milima hadi wanaoandika kuhusu biskuti, walimwita Shemeji. Hadi jioni alikuwa ameshamshonea mmoja kifungo na kumkunjia mwingine suruali aliyoinunua safarini bila kuijaribu. Walimletea vinywaji vyao awashikie wakati wanazungumza. Mratibu wa kongamano, bwana mmoja mnene aliyekuwa akitokwa na jasho hata akiwa amekaa, alipanga viti vya mbele ili Shemeji awe jirani yake.

Siku ya pili, chakula cha mchana kikiwa kinaandaliwa, umeme ulikatika. Jenereta la hoteli lilikohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Katika chumba cha baridi kulikuwa na samaki wa mashindano ya mapishi na keki ndefu ya krimu iliyoletwa na wadhamini, na siku hiyo jua lilikuwa kali. Mpishi mkuu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni. Aliuliza ni nani anajua pa kupata barafu.

"Barafu ya nini?" akasema mratibu. "Shemeji si yupo!"

Mpishi alikishika kiganja cha Baba Pacha, akakibonyeza kama anayechagua samaki sokoni.

"Utanifaa," alisema. "Vua sweta, shemeji."

Baba Pacha alivua sweta na skafu, akavikunja, akaketi juu ya kreti katikati ya chumba cha baridi, samaki upande huu na keki upande ule. Baada ya muda mfupi kuta zilianza kufanya ukungu. Krimu iliyokuwa imeanza kulegea ilisimama wima. Mpishi alichungulia, akaridhika, akaenda kumenya viazi.

Wanablogu walikuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Walimsalimia kwa heshima, wakamuuliza hali, wakaomba ruhusa ya kupiga picha. Mmoja alimwomba afungue kifungo cha juu cha shati. Mwingine alimwomba aiegemee keki kidogo, lakini asiiguse. Baba Pacha alifanya yote hayo. Hawakuwa watu wabaya. Dada mmoja anayeandika kuhusu masoko ya usiku alimwachia kitabu cha kusoma asichoke.

Wakati huo Mama Pacha alikuwa jukwaani. Mada yake ilikuwa namna ya kupiga picha ya mvuke, na kwa kuwa hakukuwa na kipaza sauti, alizungumza kwa nguvu, huku madirisha yakiwa wazi. Alieleza habari ya pamba. Alieleza upande wa kuweka taa. Watu waliandika. Mwishoni mama mmoja aliyeketi nyuma alinyoosha mkono.

"Na chakula chenyewe, dada, mnakila saa ngapi?"

"Kikishapoa!" akajibu Mama Pacha, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye pia alicheka, kisha akanyamaza kabla ya wenzake.

Katika chumba cha baridi, mpishi mkuu alikuwa amerudi na bakuli la supu ya kuku aliyoitoa kwenye jiko la gesi ikiwa bado inatokota. Alitaka kumshukuru. Aliliweka juu ya kreti nyingine, akampa kijiko, akasimama mikono kiunoni kama wapishi wanavyosimama wakitaka kusifiwa.

Baba Pacha alichota. Mvuke ulikuwa mwingi kijiko kilipotoka bakulini, ukapungua njiani, na kilipofika mdomoni mafuta yalikuwa yameshaganda juu yake kama nta. Akameza.

"Tamu sana," alisema.

Mpishi alilitazama bakuli. Nalo lilikuwa limeanza kufanya utando.

"Umeanza lini hivi?"

"Hata sikumbuki vizuri. Wasomaji walipokuwa wengi."

"Mkeo anajua?"

"Anajua. Si ameninunulia sweta."

Mpishi alimletea bakuli jingine la supu, naye akainywa, na hiyo pia akaisifu.

Mama Pacha alimaliza mada yake, akapigiwa makofi, akamtafuta mumewe kwenye kiti chake cha mbele. Hakumwona. Mratibu, aliyekuwa akijipepea kwa ratiba, alimwelekeza jikoni. Alipoingia kwenye chumba cha baridi alimkuta mumewe ameketi na shati wazi kati ya samaki na keki, kitabu mapajani, mabakuli mawili matupu miguuni. Akavuta kreti, akakaa mbele yake, akaichukua mikono yake miwili na kuipulizia pumzi.

"Unasikia joto?"

"Nakusikia unavyopuliza."

Akapuliza tena. Akaisugua. Mikono yake mwenyewe ikawa myekundu, ya mumewe ikabaki vilevile.

"Mbona hukuniambia, Baba Pacha?"

"Nilikuambia. Siku ya ule mkate wa ndizi. Nikasema, mke wangu, leo tule ukiwa wa moto."

"Nikasemaje?"

"Ukasema nisubiri kidogo, mwanga unakuja."

Mama Pacha aliikumbuka siku hiyo. Mwanga ulikuja kweli, na ile picha ya mkate ndiyo iliyowafanya waalikwe hapa. Machozi yakamtoka. Yalimdondokea mumewe mkononi, yakaganda papo hapo, na Baba Pacha akayapangusa taratibu kama mtu anayepangusa chembe za sukari mezani.

"Usilie bwana. Krimu italowa."

"Nyamaza wewe," akasema Mama Pacha, akicheka na kulia. "Tukifika nyumbani nitakupikia. Supu. Simu nitaiacha chumbani. Utakula ya moto mpaka jasho likutoke."

"Itakuwa vizuri," alisema Baba Pacha, na alimaanisha.

Mlangoni walikuwa wamesimama wanablogu saba au wanane, wameguswa. Wengine walijifuta macho. Mmoja wao alikuwa ameipata picha ile ya chozi likiwa bado linang'aa juu ya mkono, na jioni, umeme uliporudi, ndiyo iliyochaguliwa kuwa picha bora ya kongamano. Keki ilikatwa. Samaki walipikwa, wakapigwa picha, wakaliwa. Mratibu alimshukuru Shemeji mbele ya wote, akatangaza kwamba mwaka ujao amealikwa rasmi, kwa upande wa jikoni. Watu walisimama kumpigia makofi, na Mama Pacha alipiga kuliko wote, mikono juu ya kichwa, mpaka bangili ikamkatika.

Jumapili iliyofuata, wakiwa nyumbani, Mama Pacha aliwapeleka pacha kwa shangazi yao, akafunga mlango, akaingia jikoni. Alichinja kuku mwenyewe. Alikata karoti bila kujali zinalingana au hazilingani. Hakuosha bakuli la kauri analolitumia kwa picha, alichukua lile la bati lenye pengo ukingoni. Simu ilikuwa chumbani, chini ya mto, imezimwa.

Baba Pacha aliketi mezani amevaa sweta lake. Nyumba nzima ilinukia tangawizi. Mkewe alitoka jikoni karibu anakimbia, akaliweka bakuli mbele yake, supu bado inachemka pembezoni, akamwekea kijiko mkononi na kumkunjia vidole.

"Kula," alisema. "Sasa hivi. Usiningoje."

Akaketi na kumtazama. Mvuke ulipanda ukampiga Baba Pacha usoni, ukamtia unyevu kwenye nyusi. Alivuta harufu. Alitabasamu. Akakiweka kijiko kando ya bakuli, taratibu, kikiwa kimenyooka, akaweka mikono mapajani.

"Unangoja nini, mume wangu?"

Baba Pacha alijitazama mikono. Alijaribu kuuinua wa kulia, ukainuka kidogo, ukarudi ulipokuwa. Alionekana kama mtu anayeona haya mbele ya wageni.

"Picha," alisema.

Mama Pacha alimshika mkono, akauinua yeye, akaupeleka mpaka kwenye kijiko. Vidole havikufunga. Walijaribu tena wote wawili, wakipeana moyo, wakacheka kidogo, wakajaribu tena, na mvuke ulikuwa umeanza kukonda. Hapo ndipo Mama Pacha aliposimama, akaenda chumbani kuichukua simu.

Alipiga moja tu, haraka, bila kupanda kiti. Baba Pacha akachukua kijiko, akala, akasema chumvi imekolea.