Vitabu Ishirini na Viwili vya Phyllis

Rael hakuwa mdaku. Hilo aliwaambia watu wote, hata wasiomuuliza. Yeye alikuwa mtu wa kuona tu, na katika chumba walichopewa na hoteli kule Al Wukair, Uarabuni, wanawake watatu kwa kabati moja, kuona hakukuwa kazi.

Alichokiona mwaka huo wa 2012 ni Phyllis kurudi kutoka kazini na vitabu. Vidogo, vinene, vimejaa picha za wasichana wenye macho makubwa kama visosi. Phyllis alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Wote wawili walisafisha vyumba vya wageni, na Rael alijua fika kwamba Phyllis hanunui sabuni mpaka ya zamani ibaki kama ukucha. Sasa vitabu?

"Unavitoa wapi?"

"Nimepewa," Phyllis akajibu bila kuinua macho. "Hadithi za Kijapani, dadangu. Siku hizi dunia nzima inazisoma. Muulize Stacy, yeye ni za Kikorea kwenye simu."

Stacy, wa kitanda cha dirishani, alikuwa kweli ameng'ang'ania simu, anacheka peke yake.

Nimepewa! Na nani? Hotelini, ukikutwa na kitu cha mgeni unapandishwa ndege, na wenzako wa chumbani wanapekuliwa mpaka soksi. Na kama aliyempa ni mwanamume, balaa zaidi. Rael alikuwa amebakiza miezi minne aende likizo Kapsabet akamwone mwanawe. Hakuwa tayari kuponzwa na mtu, hata awe rafiki.

Siku Phyllis alipokuwa zamu ya asubuhi na Stacy ameenda dukani, Rael akalivuta sanduku la rafiki yake kutoka chini ya kitanda. Vitabu ishirini na viwili! Akachukua kimoja, akakifungua kama mtu yeyote anavyofungua Biblia yake. Ukurasa wa kwanza ukamkabili kwa herufi kubwa za Kiingereza: SIMAMA! UNAENDA NJIA ISIYO SAHIHI.

"Shindwe!" Rael akaropoka. Ukurasa uliofuata ulikuwa na kiumbe mwenye pembe amembeba msichana aliyekufa. Hakusubiri wa tatu. Alienda moja kwa moja kwa Harun, Msudani aliyekuwa mkuu wa ulinzi hotelini, akamwaga yote: wizi, labda mwanamume, labda mambo ya giza. Harun akamwahidi kwamba jina lake halitatajwa.

Kesho yake saa nane Harun akamwita ofisini. Kitabu kilikuwa mezani.

"Ulikifungua upande gani?"

"Mbele."

"Hapo ni mwisho. Wajapani huanzia kulia, kama sisi kwa Kiarabu. Ule ukurasa unawaonya wanaokosea." Akakigeuza. Kwenye ukurasa wa kwanza halisi kulibanwa karatasi ya kibali cha kutoa kitu getini. Kitu alichosahau mgeni huandikishwa, hukaa miezi mitatu, na kisipoulizwa hupewa aliyekiokota. Rael aliijua sheria hiyo, ila yeye aliokota chaja na vitana, hakuwahi kurudi kuviulizia.

"Vyote ishirini na viwili vina kibali. Nasaini mamia, nilisahau," Harun akasema. "Wahandisi wa Kijapani wanaolala hapa humaliza kimoja wakakiacha. Na sisi tumekua tukitazama katuni zao kwa Kiarabu kwenye televisheni. Hakuna jini humo."

Rael akatoka na aibu inamchoma mashavu.

Alipofika chumbani alimkuta Phyllis anajikaza asilie, akashindwa.

"Wameniuliza kama nina bwana wa Kijapani, Rael. Mbele ya watu! Wamesoma simu yangu, mpaka meseji za mama." Akajipangusa kwa kanga. "Na walijua idadi ya vitabu. Aliyesema analala humu."

Rael akajua hapo ndipo pa kusema. Akafungua mdomo. Phyllis angemsamehe, labda. Labda pia asingemsamehe kamwe, na nani tena angekuwa naye kanisani Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko, nani angemsikiliza akimlilia mwanawe? Woga ukamshika.

Phyllis akakitazama kitanda cha dirishani.

"Ni Stacy, sivyo?"

"Mimi sijui, dadangu," Rael akasema. "Ila yule msichana, tangu zamani simwamini."

Phyllis akamkumbatia, akamshukuru.