Imetoka Gari Lile Lile

Daktari wa macho hakuzunguka. Alisema presha ya macho imeshakula sehemu kubwa, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa sana. Baba yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na tulipotoka nje ya mlango akaniambia, "Basi nitafutie ile gia, mwanangu. Nataka kuliendesha gari langu mara moja tu, wakati bado naona."

Gari lenyewe limenizidi umri. Alilinunua kabla hajamuoa mama, akalipiga nta kila Jumapili, na sisi watoto tulikatazwa hata kuliegemea. Sasa lilikuwa uani juu ya matofali, giaboksi imeshushwa na kufunguliwa. Gia ya chini, ile inayozipelekea nguvu gia nyingine zote, ilikuwa imekatika meno matatu. "Bila hii," fundi alisema, "injini itanguruma mpaka ichoke na gari halitasogea." Fundi huyu watu humwita Taratibu, na jina hilo hawakumsingizia.

Nikawa mtu wa kutembea na chuma kwenye mkoba. Kwenye maduka ya spea huendi na jina la kitu. Unakwenda na sampuli, ile mbovu yenyewe. Inawekwa juu ya kaunta, inageuzwageuzwa, kisha unachekwa.

"Dada, hii hata aliyeitengeneza ameshazikwa."

Mwingine aliniuliza kama nimeiiba makumbusho. Mimi si mtu wa kuchezewa. Nilimwambia nikirudi huko nitampeleka yeye wamwekee kioo. Duka jingine walinipa gia iliyofanana na yetu kama pacha. Taratibu akaihesabu meno, likazidi moja.

"Jino moja tu?" nikasema.

"Dada, hata wewe likizidi moja mdomo haufungi."

Kila niliporudi mikono mitupu nilimkuta baba kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono kwenye usukani. "Umepata?" "Bado, baba." Siku hizo alianza kumimina chai nje ya kikombe. Nilipangusa meza huku nawaka ndani kwa hasira, na hata sijui nilimkasirikia nani.

Ndipo nikaangukia mikononi mwa dalali mmoja mwembamba, shati limechomekwa vizuri, aliyejiita Mkombozi. Alisema ana watu wake kila kona, nimwachie sampuli aizungushe. Nikamwachia. Nilikuwa nimechoka, sikutaka hata kujua ataizungusha wapi. Wiki iliyofuata akanipigia simu.

"Dada, changamka! Imepatikana. Orijino kabisa, imetoka gari lile lile!"

Nilikwenda mbio. Gia ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, inang'aa kwa mafuta, meno yote yametimia. Nikalipa bila kuomba kupunguziwa. Sampuli yangu, alisema, ilikuwa bado kwa mtu wake, angeniletea.

Taratibu aliipokea, akaipima uzito kiganjani. Kisha akakwangua rangi kwa bisibisi. Chini yake meno matatu yalikuwa na rangi tofauti na wenzao, yamechomelewa na kupigwa tupa. Ubavuni kulikuwa na nukta mbili alizozigonga mwenyewe siku alipoitoa, ili asisahau upande wake.

"Hii ni yenu," akasema.

Nikampigia Mkombozi na kumtukana matusi yote niliyokatazwa nyumbani. Alinisikiliza kwa adabu zake zote.

"Lakini dada, mimi nilikwambia nini? Imetoka gari lile lile. Kama ulitaka ya gari jingine, ungesema."

Taratibu, aliyekuwa ametega sikio, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa.

"Itashika?" nikamuuliza.

"Hizi za kuchomelea ni kujidanganya. Pengine itakufikisheni getini."

"Ifunge hivyo hivyo."

Sikuwa na gia nyingine, wala sikuwa na muda.

Siku alipomaliza, ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Baba alivaa shati lake la kutokea na kukataa kushikwa mkono. Nikaketi kando yake. Akawasha injini, akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza. Nilifumba macho nikingoja mlio wa chuma kukatika. Haukuja. Gari lilisogea, laini, bila hata kushtuka. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kama mtoto.

"Imeshika, baba!"

"Imeshika, mama," akasema, akaongeza mafuta, akaliacha geti upande na kuufuata ukuta.

Nilivuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote. Tulisimama karibu kabisa na ukuta, injini ikazimika. Baba hakuuliza kilichotokea. Alipapasa dashibodi mpaka akaipata swichi ya taa. Akawasha, akazima, akawasha tena.

"Kumbe na taa nazo zimekufa," akasema. "Itabidi uzitafutie balbu."

Ukuta ulikuwa karibu kiasi kwamba niliuona juu yake mwanga wa taa zote mbili, zinawaka.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Nitazitafuta."