Kabati la Kuongelea

Kila Jumatano saa tisa alasiri, fundi cherehani aliacha kitambaa chini ya sindano, akachukua simu yake, akaingia kabatini na kuvuta mlango. Kuta za nyumba zilikuwa za mbao nyembamba. Mtu akipiga chafya jikoni, wa chumbani alimwombea afya. Humo, katikati ya makoti ya marehemu mumewe, ndimo pekee alimoweza kutamka neno "virusi" bila mama mkwe kulisikia.

Mshauri wa kliniki alimpigia kwa nusu saa. Aliuliza kama dawa anazimeza kwa wakati, kama analala, kama amemwambia mtu yeyote wa nyumbani. Kwa swali la mwisho jibu halikubadilika: bado.

Wiki ya tatu fundi alijikuta anaweza kunyoosha miguu. Ya sita alitembea hatua nne kabla ya kugusa mbao za nyuma. Alipomweleza mshauri, mshauri alisema wateja wengine nao wameripoti hivyo, akamwambia avae viatu, maana huko ndani misumari haikosekani.

Mwezi wa nne kabati lilikuwa refu kama ukumbi wa shule. Siku hiyo mshauri aliaga, akisema ana mteja mwingine wa saa tisa na nusu. Fundi akatembea hadi mwisho ili aone panaishia wapi. Paliishia kwenye magauni ya mama mkwe. Mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amempa mgongo, simu sikioni. Mshauri wao alikuwa mmoja, na ugonjwa wao mmoja.

"Dawa zimeisha siku ya kumi leo," mama mkwe alikuwa akisema. "Miguu hainifikishi huko kliniki. Nimtume nani, mwanangu? Mkwe wangu? Akijua, atanitengea kikombe."

Fundi alikwenda kliniki hiyo hiyo kila mwezi, na kopo la pili lisingemlemea. Akafungua kinywa. Lakini kusema "nitakuletea" kulikuwa kusema na lake, tena ni utovu wa adabu kumsikiliza mkubwa kwa nyuma. Akarudi kwa kunyata.

Wakati wa chakula mama mkwe alisema mboga imepungua chumvi. Fundi akamsogezea chumvi.

Aliazimia kusema Ijumaa. Ijumaa ikaja na gauni la bibi harusi lisilongoja. Iliyofuata ikaja na wageni. Mvua zilipoanza, mama mkwe alibanwa na kifua, na hakuinuka tena. Wifi yake, aliyekuja kwa mazishi, aliwaambia waombolezaji kuwa ni presha. Fundi aliitikia kwa kichwa. Miaka yote marehemu alitamani mjukuu. Mkwewe akabaki na majuto.

Wifi akahamia chumba cha mama yake, akalisifu kabati kwa nafasi, akaingiza humo magodoro mawili na baiskeli.

Jumatano mshauri alipiga kama kawaida. Aliuliza kama nyumbani kuna mtu wa kumwambia.

"Hakuna," fundi alisema. "Alikuwepo."

Wifi aligonga mlango wa kabati, akauliza anatafuta nini humo muda wote huo.

"Shuka," fundi alijibu, akakata simu, akachukua moja ili atoke nayo.