Kipenyo cha Risasi

Kimya alipomaliza chuo cha kupiga picha, shangazi zake walianza kumwekea miadi ya picha za harusi. Ilibidi baba yake awaeleze mmoja mmoja kwamba picha za binti huyu hazihitaji poda wala tabasamu, kwa kuwa ni za mifupa. Jina la Kimya alipewa na baba huyohuyo, kwa sababu tangu utotoni alikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa, na lilimganda kuliko lile la kwenye cheti.

Chumba chake cha eksirei kilikuwa mwisho wa ukumbi wa hospitali, na humo alijifunza kuzitambua silaha bila kuziona. Bunduki za marisau ziliacha vitone vingi, kama mtama uliomwagika sakafuni. Bunduki kubwa za vitani, ambazo risasi zake ni nyembamba lakini huenda kama radi, ziliacha vumbi la chuma na mfupa uliosagika, na wengi wa wenye picha hizo hawakuishi hata wakasomewa majibu. Waliokuja kwa wingi ni wale wa bastola. Risasi ya bastola ni fupi na nene, na mara nyingi hukaa nzima mwilini, imetulia kama mbegu ya tunda. Kimya hakuzizoea. Kila alipoibandika picha ya namna hiyo kwenye kisanduku cha mwanga, alijikuta amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Alasiri moja waliletewa fundi cherehani, mama wa makamo, amelala kwenye machela na futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Wezi walikuwa wameruka ukuta wa kiwanda cha unga wakati walinzi wakipokezana zamu. Walinzi wawili wa langoni walifyatua, kila mmoja mara moja. Wezi wakaenda zao salama salimini. Risasi moja haikuonekana ilikokwenda. Nyingine ilivuka barabara, ikamkuta huyu mama kibarazani akikusanya vitambaa vyake.

Mlinzi mmoja alikuwa baba yake Kimya. Wa pili alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa utani aliyejulikana kiwandani kote kwa jina la Kicheko. Kimya alimwita Baba Mdogo, ingawa hawakuchangia damu. Kampuni ya ulinzi ilikuwa imempa Kicheko bastola mpya ya milimita tisa. Baba alibaki na ile kuukuu yenye risasi ndogo, milimita saba na nusu na ushee, ambayo Kicheko aliiita kiberiti. "Mwizi akija," alikuwa akisema, "mzee mwenzangu atamwashia sigara."

Sasa hapakuwa na wa kucheka. Maganda yaliyookotwa langoni yalikuwa mawili, moja la kila bastola, na lililobaki ni kujua ni risasi ya nani iliyoingia kwa fundi.

Daktari wa upasuaji aliitazama picha kwa muda. "Imelala kwenye ini, huku mbele. Damu imeshasimama yenyewe. Siichokonoi."

"Si itamdhuru?" Kimya aliuliza.

"Kuifuata ndiko kutakakomdhuru. Akipona anaweza kuzeeka nayo. Keshokutwa nipigie nyingine nione kama imesogea."

Inspekta wa polisi alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya upole isiyolingana na kazi yake. "Kama haitoki, mimi nitaipimaje, daktari?"

"Muulize huyu binti. Picha ni yake."

Kimya alichukua rula. Aliiweka rula juu ya lile doa jeupe, akahesabu vistari, akarudia.

"Tisa," alisema.

"Tisa kamili?"

"Tisa, afande."

Inspekta akashukuru, akavaa kofia. Kabla jua halijazama Kicheko alikuwa rumande. Kimya alikaa kwenye kiti chake akahisi kifua kimefunguka, pumzi ikaingia mpaka chini, na papo hapo akaona haya kwa pumzi hiyo.

Nyumbani, Baba hakula. Alilimega tonge, akalirudisha sahanini.

"Tisa ni tisa, siyo?" aliuliza bila kuinua macho.

"Ndivyo rula ilivyosema, Baba."

"Rula haina ndugu." Akanawa mikono ambayo haikuwa imechafuka, akaenda kulala. Kimya alimsikia akigeuka kitandani, kitanda kikilalamika, kwa muda mrefu kuliko kawaida ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Kesho yake asubuhi akaja mama na mtoto aliyemeza kifungo cha chuma cha sweta. Kazi ndogo. Kimya alimlaza mtoto chali, akapiga, akasafisha, akabandika. Kifungo kilionekana wazi tumboni, na vijitundu vyake vyote. Mama yule alikuwa na pacha wa kile kifungo mfukoni. Akakisogeza kwenye picha, akakunja uso.

"Dada, hiki sicho. Hiki cha kwenye picha ni kikubwa."

"Ni hichohicho, mama. Mtoto amelala chali, na sahani ya picha iko chini ya mgongo wake. Kitu kikiwa mbali na sahani, kivuli chake kinakua. Kingekuwa mgongoni kingetoka sawa, lakini hiki kiko huku mbe..."

Akaitazama picha tena.

"Huku wapi?" mama aliuliza.

"Huku mbele," Kimya alimalizia, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. "Kitatoka chenyewe. Mpe maji mengi."

Walipoondoka alifunga mlango, akaitoa picha ya fundi kwenye bahasha. Fundi naye alilazwa chali. Risasi nayo ilikuwa mbele. Hili ni somo la mwaka wa kwanza, linalofundishwa hata kabla ya kuwasha mashine, na yeye alikuwa ameliruka kama mtu anavyoruka dimbwi, kwa sababu ya haraka ya kutaka kufika upande wa pili. Tisa ya kwenye picha ilikuwa tisa iliyokua. Imekua kutoka ngapi? Kutoka tisa, kwa kuwa alihesabu vistari vibaya? Kutoka saba na nusu na ushee? Akairudisha picha, akaitoa tena, kana kwamba doa lingebadili mawazo.

Alijua namna ya kupata jibu. Alijua pia kwamba hakuna aliyemtaka alitafute. Daktari alitaka picha ya kawaida tu. Fundi akipona, risasi itabaki ndani, na neno la tisa litabaki nayo. Ni kifo tu ambacho kingeitoa risasi ile nje ikapimwe kwenye mizani, na Kimya aligutuka alipogundua kwamba anamwombea yule mama apone kwa moyo wenye nia mbili.

Mchana alimkuta mke wa Kicheko ukumbini, amekumbatia chupa ya uji.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea fundi. Nesi kaniuliza mimi ni nani wake, nimekosa la kujibu. Nimwambie mimi ni mke wa risasi?" Akajaribu kucheka, midomo ikakataa. "Nimetoka kumwona baba yako mdogo. Wamemnyang'anya mkanda, suruali anaishika kwa mkono. Anasema sasa hata akitaka kukimbia itabidi achague moja, uhuru au heshima."

Kimya aliangalia sakafu. "Anasemaje kuhusu siku ile?"

"Anasema anakumbuka aliinua mkono juu. Nikamwambia basi sema hivyo kwa nguvu. Akasema nimesema, lakini woga ukimwingia mtu, hata mkono wake haumjui. Akasema, kama picha ya Kimya imesema ni mimi, basi ni mimi. Mtoto yule hajui kusema uongo, hata kwa mbuzi anaona haya." Akamshika Kimya bega. "Ulivyokonda. Nawe unaumia, najua. Ni baba yako mdogo."

Alipokwenda zake wodini, Kimya aliingia chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia. Kisha akaosha uso, akampigia simu inspekta.

"Afande, kesho nampiga fundi picha ya pili. Njoo. Na uje na vichwa viwili vya risasi, vilivyotolewa kwenye maganda. Kimoja cha tisa, kimoja cha ile ndogo."

"Kuna nini, binti?"

"Nilikosea kupima."

"Watu wengi hukosea," inspekta alisema. "Wanaopiga simu ni wachache. Nitakuja."

Asubuhi fundi alikuwa na nafuu, na ulimi umerudi kazini. "Mnanigeuza kama chapati," alisema walipomlaza ubavu. "Kitambaa nilikiacha nusu, mwenye gauni atanimaliza kabla ya risasi hii."

Kimya alimpiga kwanza kwa ubavu, aone risasi iko juu kiasi gani kutoka mgongoni. Kisha akamlaza chali. Akapanga vipande vya sponji kando ya mbavu zake mpaka vikafika kimo kilekile cha risasi, akaviweka juu yake vile vichwa viwili, kimoja kando ya kingine. Kazi hii ilimtuliza mikono.

"Nieleze kwa lugha ya polisi," inspekta alisema nyuma ya kioo.

"Vyote vitatu viko umbali sawa kutoka kwenye sahani, afande. Vitakua sawasawa. Hatuhitaji rula, tutafananisha kwa macho."

"Kumbe kivuli hukua?" Akajishika tumbo. "Ndiyo maana picha zangu zote natoka hivi."

Kimya hakuweza kucheka. Alibonyeza.

Picha ilipotoka majini aliiinua bila kuingoja ikauke, akaibandika. Madoa matatu. Mawili pembeni, moja nene, moja jembamba. La tatu ndani ya ini. Alitaka liwe la kati, lisilo la huyu wala la yule, ili aseme haijulikani na mambo yaishie hapo. Halikuwa la kati. Lilikuwa pacha wa lile jembamba, hata mtoto wa yule mama wa kifungo angeliona.

"Ni ndogo," alisema.

Inspekta akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Akatazama, akarudi nyuma, akatazama tena. "Na bastola ndogo ilikuwa kwa nani?" Aliuliza kwa desturi ya kazi tu, maana alijua.

"Kwa baba yangu."

"Ulijua, ulipopiga simu?"

"Niliogopa tu. Kujua ni sasa."

Inspekta alivaa kofia, akaivua. "Nitapita kwa daktari anisainie hii picha. Daktari huyu ana maneno mengi. Kiwandani nitafika nikifika."

Kimya hakuvua hata koti la kazi. Barabara ya kiwandani ilikuwa na vumbi la unga kwenye majani, na aliipita nusu akitembea, nusu akikimbia, akiyapanga maneno na kuyapangua. Baba alikuwa langoni, bila silaha, akishika kamba ya kizuizi. Lori lilikuwa likiingia. Alimwona binti yake na koti jeupe, akaona uso, na hakuiachia kamba mpaka tairi la mwisho lilipopita.

"Siyo tisa," alisema yeye kwanza.

"Siyo tisa, Baba. Nilikosea."

"Nani mwingine anajua?"

"Inspekta. Nilimwita mimi."

"Ulimwita wewe." Alilirudia kama mtu anayeonja dawa. "Kwani alikulazimisha nani? Watu wa nyumba moja hawapimani, Kimya. Mimi ndiye niliyekulipia chuo hicho."

Kimya alishika ukuta. "Baba Mdogo amekubali kuwa ni yeye, Baba. Amekubali kwa sababu mimi nimesema."

Baba aliketi kwenye tofali la mlangoni, polepole, kama aliyebeba gunia. Ng'ambo ya barabara kibaraza cha fundi kilikuwa kitupu, cherehani imefunikwa turubai.

"Yule mama, atapona?"

"Daktari anasema atapona. Leo amenitania."

Akatikisa kichwa mara nyingi. "Nilimwona Kicheko," alisema, sauti imeshuka. "Mkono wake ulikuwa juu. Alifyatua hewani, kama tulivyofundishwa. Mimi ndiye niliyelenga watu. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nikijiambia nimesahau."

Kimya alimsogelea. Alitamani amshike mkono, lakini hakujua kama mkono ule ungekubali kushikwa naye leo. Gari la polisi likatokea kwenye kona, likija bila haraka.

Baba akainuka, akampa mlinzi mwenzake wa zamu kamba, akafunga kifungo cha juu cha shati lake. "Twende tukutane nao kule. Sitaki kuchukuliwa hapa mbele ya madereva."

Wakatembea. Hatua zake zilikuwa ndefu kama siku zote, na Kimya alilazimika kuharakisha ili awe sambamba naye. Walipokaribia gari, Baba alisema bila kugeuka, "Mwambie mama yako mdogo ampelekee mumewe shati safi. Asitoke mle na lile alilolalia. Na mkanda. Asisahau mkanda."