Jina la wa Pili

Usiku wa jana niliota nimefika kliniki ya uzazi kutoa jibu. Mume wangu, Elirehema, alifariki wakati wa masika, na viinitete vyetu viwili bado vimegandishwa kule kwenye mtungi wa baridi. Kliniki ilitaka kujua: wanipandikizie, au wavitupe? Jibu nilikuwa nalo. Nimechoka, wavitupe.

Mtungi wenyewe ndio ulikuwa umekaa mapokezi, umevaa miwani.

"Kanuni inataka wote wawili wakubali," ukasema. "Mwite baba."

"Amekufa."

"Sikuuliza hali yake."

Basi Elirehema anaingia na ile suti tuliyomzikia, barafu imeganda kwenye masharubu. Namuuliza anataka nini. Anatazama saa.

"Tutaongea," anasema, kama alivyosema miaka yote ya ndoa yetu, kisha anatoka. Nilikasirika. Hata kufa hakujamfundisha kujibu.

Nageuka, kliniki imekuwa sebule ya mama mkwe. Vitambaa vya kufuma vimefunika makochi, redio, mpaka jagi la maji. Kwenye kochi kubwa vimekaa viinitete vyetu, vidogo kama punje za mtama, vimejifunika kitambaa kimoja.

"Shikamoo mama," vinasema kwa pamoja.

"Marahaba." Ningesema nini kingine?

Mama mkwe amekaa mkekani, anavifumia sweta mbili.

Mtungi unakohoa. "Kanuni ya mwisho. Mwenye jina hatupwi. Na anayetoa jina ndiye anayebeba."

Mama mkwe ana miaka sabini na ushee, lakini hakungoja. Kwetu mtoto wa kwanza huchukua jina la upande wa baba.

"Mbazi," akasema. Ni jina la marehemu mumewe. Akamchukua wa kwanza, akamvalisha sweta, akamfunga tumboni kwa kanga. "Haya, mwanangu. Wa pili ni wa upande wenu."

Jina nilikuwa nalo. Nakunda, jina la mama yangu. Lilishafika mdomoni kabisa. Kile cha pili kilikuwa kinanitazama, kinatetemeka kwa baridi. Nikazikumbuka zile sindano zote za kutafuta mimba. Nikawaza kulea peke yangu, na sura ya Elirehema ikinitazama kila asubuhi mezani. Nikafunga mdomo.

"Hana jina," ukasema mtungi, na mfuniko wake ukafunguka.

Nimeamka mto umelowa. Nikaenda sebuleni. Mama mkwe, ambaye amekaa kwangu tangu msiba, alikuwa mkekani, kanga ameifunga tumboni na mkono mmoja ameuweka juu yake. Alikuwa na sweta moja ndogo, ndogo kama ukucha, na alikuwa anaifumua taratibu huku akiuviringa uzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Mbona ulinyamaza, mwanangu?"