Nyumba Isiyofuka Moshi

Watu wa Tingi hawangoji tangazo ili wajue nani kafiwa. Wanatazama moshi. Nyumba yenye msiba haiwashi jiko lake. Majirani ndio huja na kuni, masufuria na midomo yao, wakapika, wakala, wakalia mpaka tanga lianuliwe. Kwa hiyo nyumba ikipambazukiwa bila moshi, mtu mzima mwenye akili zake hajiulizi kama kuna msiba. Anajiuliza tu aje na mchele au na unga.

Ni desturi nzuri, na anayeibeza hajawahi kufiwa. Dadi, fundi seremala, aliijua tangu utotoni, lakini siku alipoletewa pipa la spiriti, kichwa chake chote kilikuwa ndani ya pipa.

Lilikuwa pipa la bluu, kimo chake kifuani mwa mtu, limebandikwa picha ya mwali wa moto. Mafundi wa Tingi na Kilwa Masoko walilinunua kwa pamoja, maana walikuwa wamechoka kutafuta spiriti chupa moja moja za kuyeyushia sheleki ya kung'arishia milango na vitanda. Nyumba ya Dadi iko karibu na barabara, basi likashushwa kwake. Akalisukumia stoo, ukuta mmoja na chumba cha mama yake, akalizunguka akilipapasa kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Moza," akamwambia mkewe, "hiki kitu usikione hivi. Viwandani wanayeyushia rangi, wino, manukato, hata dawa. Hospitali wanakupangusia kabla ya sindano. Lakini kina hasira."

Akamtoa nje juani, akamimina kiasi cha kifuniko cha chupa juu ya jiwe, akawasha kiberiti. Moza akatazama, hakuona kitu.

"Mbona haijawaka?"

Dadi akachuma jani la mkorosho, akalipitisha juu ya jiwe. Jani likajikunja na kuwa jeusi.

"Imewaka. Juani moto wake hauonekani. Na hewa yake ndiyo mbaya zaidi. Haipandi kama moshi, inatambaa chini chini inatafuta moto, na ikiupata inarudi nao nyumbani."

Kizibo cha pipa kilikuwa kinatoa jasho. Kuliweka nje Dadi hakutaka: jua lingelichemsha, na walevi wangelinywa wakapofuka. Akasema anakwenda Nangurukuru kutafuta kizibo kipya na pikapu ya kulihamisha. Mpaka arudi, jiko lisiwashwe, kiberiti kisiguswe, hata taa ya stoo iachwe kama ilivyo. Akapanda bodaboda akaenda zake. Waume wa namna hiyo huacha amri, hawaachi chapati.

Ikabaki kazi ya kumweleza Bi Mwanaidi, mama yake Dadi, kwamba leo hakuna chai. Bi Mwanaidi alikuwa mgonjwa wa magoti tu. Ulimi ulikuwa mzima kabisa. Alimtazama mkwewe kuanzia kanga mpaka kandambili.

"Spiriti!" akasema. "Uvivu umepata jina jipya."

Moza akamsihi, kama hataki kukaa na njaa, basi amshike mkono wahamie kwa jirani mpaka Dadi arudi. Bi Mwanaidi akasusa. Akajifunika shuka gubigubi, kutoka kichwani mpaka vidole vya miguu, akageukia ukuta. Moza akasimama mlangoni, akiwaza. Cheche moja ikiingia stoo, yeye atakimbia. Huyu mama hataweza kukimbia, na kwa mwili ule hakuna wa kumbeba.

Marietha, jirani wa nyumba ya pili, alikuja kuomba kaa la moto kama kawaida yake. Akakuta mafiga baridi, majivu yamezolewa. Akachungulia chumbani kumsalimu bibi. Akaona shuka, na ndani ya shuka mtu hajongei, na jua limeshapanda.

"Uwiii! Bi Mwanaidi! Uwiii, mama yetu!"

Moza alikuwa kisimani. Aliporudi na ndoo kichwani, mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani, wanawake wamejifunika kanga, wanaume wanauliza majembe yako wapi. Alfani, ambaye huchimba makaburi yote ya upande ule na huona fahari kuwahi, alikuwa ameshakwenda na vijana wake nyuma ya mikorosho.

"Jamani, hapa hakuna aliyekufa!" Moza akasema.

Marietha akamkumbatia, ndoo na yeye. "Ndivyo inavyoanza, mwenzangu. Hata mimi alipofariki mama nilisema hivyo hivyo. Lia."

"Amelala! Amesusa kwa kukosa chai!"

"Masikini," wakanong'onezana wanawake. "Kachanganyikiwa. Kumbe alimpenda hivi?"

Moza akaitua ndoo, akaingia chumbani mbio. Bi Mwanaidi alikuwa amehama kitanda. Ameketi sakafuni chini ya dirisha, sikio kwenye ubao, uso umenawiri kama bibi harusi.

"Mama, toka nje wakuone!"

"Shh! Marietha anasema nilikuwa mkarimu. Nilimwazima kinu mara moja, nikakidai wiki nzima."

"Mama, watawasha moto!"

"Misiba ya watu hawa nimeilia yote, ya Waislamu na ya Wakristo, mpaka ya watu nisiowapenda. Huu wa kwangu nitaukosaje? Toka, unanizibia."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Moza akatoka nje, akayaona. Evaristo, mume wa Marietha, mtu wa kanisani asiyekosa kupika kwenye msiba wowote wa jirani, alikuwa amebeba sufuria kubwa la ubwabwa. Alikuwa ametafuta kivuli cha kupikia, na kivuli kilikuwa kimoja tu, chini ya dirisha la stoo. Mafiga makubwa matatu yameshapangwa pale, kuni zimeshapasuliwa, mchele umeshaoshwa. Ile harufu tamu ya spiriti ilikuwa inashuka dirishani taratibu.

"Shemeji Evaristo, si hapo! Humo ndani mna spiriti. Hewa yake inatambaa chini!"

"Inatambaa?" Evaristo akacheka kwa huruma. "Shemeji, hewa haina miguu. Pumzika, sisi tupo."

"Dadi alinionyesha. Inawaka na moto hauonekani!"

Hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe. Moto usioonekana! Wanawake wakaanza kumsomea dua. Evaristo akainama apige kiberiti. Kiberiti chake, kwa rehema za Mungu, kilikuwa kimelowa mchele ulipooshwa. Akamtuma mkewe nyumbani alete kaa.

Moza hakubishana tena. Alikwenda akaketi katikati ya mafiga, pale pa kuwashia moto, magoti kifuani. Wakamvuta. Akakumbatia figa. Mtu mzima akikumbatia figa, hata mwenye moyo wa jiwe hulegea. Wazee wawili wakaanza kulia kweli kweli, wakisema hawajaona mkwe wa namna hii tangu wazaliwe.

Marietha akatokea njiani na kaa jekundu juu ya kigae, analipulizia ili lisizime. Kila pumzi yake, kaa likacheka. Akapita mlango wa uani. Akapita mlango wa uani. Moza akaona hana la kufanya ila moja. Ile ndoo aliyotoka nayo kisimani wanawake walikuwa wameshaifunika kwa kitambaa cheupe na kuiweka pembeni, ni ya kuoshea maiti. Akaruka, akaikamata, akamwagia Marietha kaa, kigae na kanga zake zote mbili.

Wanawake wakainuka mikekani.

"Maji ya maiti!" Marietha akasema, maji yanamtiririka puani.

"Maiti gani?" Moza akafoka, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Bi Mwanaidi hajafa! Angekufa ningejua, maana ningesikia kimya! Tangu niingie nyumba hii, uji wangu mwepesi, ugali wangu mgumu, nikifagia natimua vumbi, nisipofagia nafuga vumbi. Asante yake siijui inafananaje. Nimechoka naye, mnasikia? Lakini hataungua na mimi nipo. Akifa, afe kwa siku yake aliyoandikiwa, si kwa ubwabwa wenu!"

Kisha akarudi kwenye mafiga yake, akaketi, akalia kwa hasira.

Mlango ukalia. Bi Mwanaidi akatoka, anajishikilia ukutani, shuka jeupe bado limemning'inia mabegani. Wazee wawili waliokuwa wakilia walikimbia wa kwanza. Alfani alikuwa anaingia kuripoti kwamba kaburi tayari. Akamwona mwenye kaburi, akaketi chini bila kuambiwa. Evaristo akapiga ishara ya msalaba kwa mwiko.

Bi Mwanaidi akajikongoja mpaka mafigani, akavua kanga yake, akamfunika Moza mabegani, kisha akajiketisha kwa taabu juu ya figa la pili.

"Haya," akawaambia, "kama mnapika, mtupike sisi kwanza."

Hakuna aliyepika. Sufuria likahamishiwa kwa Evaristo, ng'ambo ya njia, upepo unakotoka, na kuni zikafuata.

Ndipo Dadi akarudi. Huko barabarani walikuwa wameshampa pole ya kufiwa na mama. Aliruka kutoka kwenye pikapu, akapita katikati ya watu, akampita mama yake aliyeketi jiweni na shuka la kifo, akampita mkewe aliyejaa masizi na machozi, akaingia stoo.

"Pipa langu!" wakamsikia. "Pipa langu jamani!" Halafu, "Alhamdulillahi! Lipo zima!"

Akatoka anajifuta jasho, anatabasamu. Hakuna aliyemrudishia tabasamu. Bi Mwanaidi akamtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mgonjwa.

"Alfani," akasema, "kaburi ukishalichimba linaachwa tupu?"

"Haliachwi, bibi. Ni mkosi. Kama hakuna mtu, huzikwa hata mgomba."

"Basi tusikate mgomba wa watu," akasema, akaonyesha stoo kwa kidole.

Watu wa Tingi wana utii kwa aliyetoka kufa. Wakalitoa pipa, wanaume sita, taratibu bila kuliburuta, wakalipeleka nyuma ya mikorosho, mbali na kila jiko. Dadi alitembea nyuma yake analia, anawasihi, anashika kizibo kwa mikono miwili kisivuje. Hakuna aliyemwonea ajabu. Mfiwa ndivyo alivyo. Lilipokwisha kuteremshwa, likapangiwa miti na kufukiwa mpaka shingoni, watu wakapanga mstari kumpa mkono, kama ilivyo ada.

Bi Mwanaidi alikuwa wa kwanza, amemwegemea Moza. Akamshika mwanawe mkono kwa adabu kubwa.

"Pole sana, bwana," akamwambia. "Mungu akupe subira. Sisi ni majirani tu, tulikuja kupika."